Friji la Shangazi na mkosi wa Pauli

*Kikundi: Wajukuu wa Bibi Tanga*

Shangazi: Jamani, Mjomba kaingia sasa hivi, hata maji hajamaliza, friji limezima. Juzi mwezi wa Ramadhani alipokuja, blenda ilitoa moshi!

Mjomba: Sijagusa kitu mimi. Nimekaa kwenye kochi tu 🙏🏾

Zai: Ana mkosi wa Pauli huyo 😂

Shangazi: Pauli yupi, wa kanisani?

Zai: Wolfgang Pauli, mwanafizikia, mzaliwa wa Vienna. Mtu wa nadharia, kazi yake kalamu na karatasi. Ila wenzake walikuwa wakisema akitia mguu maabara tu, vyombo vinakufa. Otto Stern kule Hamburg akampiga marufuku asiingie kwake.

Baba Zai: Wasomi wazima na ushirikina?

Zai: Baba, Stern mwenyewe ana Nobel! Ya 1943. Pauli akapata yake 1945. Sasa sikilizeni. Siku moja chombo kikaharibika kwenye maabara ya James Franck, Göttingen. Pauli hayupo, anaishi Zürich. Wakamwandikia kumtania: safari hii umesalimika. Akajibu kwamba alikuwa safarini kwenda Copenhagen, na saa ileile treni yake ilikuwa imesimama stesheni ya Göttingen.

Shangazi: Weee!

Mjomba: Mnaona? Watu wanasingiziwa. Hata ile mashine ya kusaga ya hapo mtaani ilipoungua mlinitaja mimi, na siku hiyo nilikuwa kwenye basi la Mombasa.

Baba Zai: Basi lilisimama wapi?

Mjomba: ...Stendi ya Kange, hapahapa Tanga. Dakika kumi tu.

Zai: 🤣🤣🤣

Shangazi: Na huyo Pauli aliishia wapi?

Zai: Desemba 1958 alilazwa hospitali Zürich, chumba nambari 137. Na 137 ndiyo namba iliyomsumbua akili miaka yote, inatokea kwenye hesabu za mwanga na elektroni. Alipoiona mlangoni roho ikamruka. Hakutoka.

Shangazi: Masikini. Idi, wewe si umesomea hiyo fizikia? Ni kweli?

Idi: Ndiyo.

Shangazi: Mtoto huyu maneno anayanunua?

Zai: Huyo ndiye Dirac wetu, yule mwanafizikia aliyekuwa mkimya mno. Wenzake wa Cambridge walimtungia kipimo kabisa: dirac moja ni neno moja kwa saa.

Shangazi: Fundi kafika. Mjomba, hebu toka kidogo.

Mjomba: Nipo barazani.

Shangazi: Bado. Sogea.

Mjomba: Nimefika dukani kwa Mpemba!

Shangazi: Limewaka. Kaa hukohuko, chai nakuletea.