Kitufe cha O/D kwenye gari la otomatiki: kiwe wazi lini na kifungwe lini?

Mkazi wa Chumbageni

Asalaam alaykum, ndugu zangu. Nina Toyota Mark II ya zamani yenye gia nne za otomatiki, niliyoinunua mwaka jana kwa mtu wa hapa hapa Tanga. Kwenye mkono wa gia pana kitufe cha O/D, na aliyeniuzia alinieleza kwamba hicho ni kitufe cha kuongeza nguvu, na kwamba taa ya njano ya O/D OFF ikiwaka kwenye dashibodi ndipo gari huwa limefunguliwa uwezo wake wote. Nilimwamini. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikienda Muheza, Segera na Korogwe taa ikiwaka, injini ikivuma na mshale wa mizunguko ukikaribia 3,000 ilhali mwendo ni kilomita 80 tu kwa saa, na mafuta yakiisha haraka kwa namna nisiyoielewa.

Mwezi uliopita tulikwenda Lushoto kwa wakwe zangu. Shemeji yangu alipoiona ile taa alinishauri niizime, akisema kwamba ndiyo inayonilia mafuta. Nikabonyeza kitufe, taa ikazimika, na siku ya kurudi tukashuka kuelekea Mombo hali ikiwa hivyo, watu watano ndani na magunia mawili ya viazi nyuma. Nilikanyaga breki karibu njia nzima. Tulipoipita Soni tukaanza kusikia harufu ya kuungua, na baada ya kona chache pedali ya breki ikawa laini, ikizama chini kuliko kawaida. Nilifanikiwa kulisimamisha gari mahali penye nafasi, tukakaa hapo karibu saa nzima, watoto wakiniuliza kuna nini nami sina la kuwajibu. Kwa hiyo naomba mnieleze: taa ile ikiwaka maana yake ni nini, kitufe hutumiwa lini, na je, kukibonyeza gari likiwa kwenye mwendo huharibu giaboksi?

Dereva wa njia ya Lushoto

Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Alhamdulillahi kwamba ulisimama mapema, kwa maana dalili uliyoieleza ndiyo ya mwisho kabla ya breki kukataa kabisa. Pedi zikipata moto kwa muda mrefu, joto hupenya hadi kwenye mafuta ya breki, na mafuta hayo yakichemka hutoa mvuke ndani ya mabomba. Mafuta hayabinyiki, lakini mvuke hubinyika. Kwa hiyo mguu wako unakuwa unaubinya mvuke, na nguvu haifiki kwenye magurudumu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa, na yaliyokwisha kunyonya unyevu huchemka mapema zaidi. Tafadhali yabadilishe kabla ya safari nyingine yoyote, na pedi zikaguliwe.

Sasa nije kwenye mteremko wenyewe. Mji wa Lushoto uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, na Mombo iko chini kwenye tambarare. Tofauti hiyo yote ya mwinuko inashukwa kwa barabara ya kona ya kilomita zaidi ya 30. Ukishuka kwenye D huku ovadraivu, yaani hiyo O/D, ikiwa wazi (taa ya O/D OFF imezimika), giaboksi huchagua gia ya nne, na katika gia ya nne injini haina uwezo wa maana wa kulizuia gari, hivyo kazi yote inaziangukia breki. Ulipaswa kuifunga ovadraivu kabla ya kuanza kushuka, ili gari lishikwe na gia ya tatu, na kwenye sehemu kali uvute mkono hadi 2. Wazee waliotufundisha udereva walikuwa wakisema kwamba gia uliyopandia mlima ndiyo ya kuushukia, na kwa barabara ile sijaona kanuni inayoishinda. Fanya hivyo mapema, mwendo ukiwa mdogo, wala usingoje mpaka gari liwe limekwisha kuchukua kasi. Breki nazo zikanyage kwa uthabiti mpaka mwendo upungue, kisha uziachie zipoe, badala ya kuzikalia kidogo kidogo njia nzima.

Na jambo moja ambalo hukuliuliza, ila nimeliona mara nyingi mno hata siwezi kulinyamazia: usishuke kwa nyutro ukidhani unaokoa mafuta. Injini za siku hizi zenye mfumo wa kupuliza mafuta hukata mafuta zenyewe gari linaposhuka likiwa ndani ya gia na mguu ukiwa umetolewa, ilhali kwenye nyutro injini huendelea kunywa mafuta ya kujiweka hai. Unapoteza breki ya injini na huokoi chochote.

Fundi wa Ngamiani

Ndugu muulizaji, aliyekuuzia gari alikupotosha, na shemeji yako alikuwa sahihi kwa barabara ya Segera ila si kwa mteremko wa Lushoto. Mkanganyiko huu ninauona kila wiki, na chanzo chake ni maandishi ya taa. Taa ya O/D OFF ikiwaka, ovadraivu imefungwa. Ikizimika, ovadraivu iko wazi. Watu wamezoea kwamba taa ikiwaka kitu kinafanya kazi, na hapa ni kinyume chake.

Kitufe hicho hakiongezi nguvu yoyote. Kazi yake ni moja tu, nayo ni kuiruhusu au kuizuia giaboksi kuingia gia ya nne. Katika giaboksi kama yako, gia ya tatu ni ya moja kwa moja: injini ikizunguka mara moja, shafti inayotoka kwenye giaboksi nayo huzunguka mara moja. Gia ya nne ina uwiano wa takriban 0.7, maana yake shafti huizidi injini mbio, na huko kuizidi ndiko kulikoipa gia hiyo jina la ovadraivu. Ukizidisha 3,000 kwa 0.7 utapata 2,100. Kwa mwendo ule ule wa kilomita 80, injini yako ingekuwa inazunguka mara 2,100 kwa dakika badala ya 3,000, na tofauti hiyo ya mizunguko 900 kila dakika ndiyo iliyokuwa ikikumalizia mafuta na kuichosha injini miezi yote hiyo.

Kwa hiyo hali ya kawaida ni kuiacha wazi, taa ikiwa imezimika. Ifunge pale ambapo gia ya nne haifai: unaposhuka mteremko mrefu, kama mwenzangu alivyoeleza; unapovuta tela au umebeba mzigo mzito kwenye vilima; na unapoona giaboksi inahangaika kati ya gia ya tatu na ya nne. Hili la kuhangaika ndilo ninalowaomba madereva walitilie maanani zaidi. Kwenye mwinuko mrefu usio mkali, gari huingia nne, likakosa nguvu, likarudi tatu, likapata nafuu, likaingia nne tena, na kila badiliko huongeza joto kwenye oili ya giaboksi na kuzila sahani za ndani. Ukiisikia injini ikipandisha na kushusha sauti namna hiyo, bonyeza kitufe, panda kwa gia ya tatu iliyotulia, kisha ukifika juu ukibonyeze tena.

Kuhusu kukibonyeza kwenye mwendo, hakuna ubaya, kwa kuwa kimewekwa karibu na kidole gumba kwa makusudi hayo. Ila kumbuka kwamba ukiifunga ovadraivu mizunguko itaruka juu mara moja, kwa hiyo usifanye hivyo ukiwa kwenye mwendo mkali sana, na uwe mwangalifu zaidi barabara ikiwa na maji, kwa sababu gari lako husukumwa na magurudumu ya nyuma, na yakizuiwa ghafla yanaweza kuteleza.

Mama wa Majani Mapana

Naomba kuongeza swali. Mimi huifunga ovadraivu nikiwa mjini na kuifungua nikishapita Pongwe, kwa sababu nilifundishwa kwamba mwendo wa mjini ni wa gia ya tatu. Je, ninakosea?

Fundi wa Ngamiani

Hukosei kwa namna ya kuharibu gari, mama yangu, lakini sioni faida yake kwa mji tambarare kama huu wetu. Kwenye mwendo mdogo giaboksi yenyewe hubaki gia za chini, na ukifikia kilomita 50 barabara ikiwa wazi huingia nne na kukupunguzia mafuta. Ninachokihofia ni kusahau: kwenye magari mengi ya zamani kitufe hubaki pale ulipokiacha hata ukizima gari, nawe utafika Segera taa ikiwaka kama alivyokuwa akifanya ndugu yetu. Vilevile, gari likiwa bado la baridi asubuhi, usishangae likichelewa kuingia nne. Kompyuta huzuia gia hiyo mpaka injini ipate joto.

Mkazi wa Chumbageni

Nimerudi kuwashukuru. Mafuta ya breki yamebadilishwa, na pedi za mbele pia, maana zilikuwa zimeungua na kung'aa kama kioo. Juzi nilikwenda Korogwe taa ikiwa imezimika, na mshale ulikaa kidogo tu juu ya 2,000 kwa kilomita 80, tena kwa utulivu uliomfanya mke wangu aulize kama injini imebadilishwa. Ijumaa tutakwenda tena Lushoto. Nimebakiwa na wasiwasi mmoja: wakati wa kurudi kutoka Korogwe ile taa iliwaka yenyewe mara moja, ikawa inapepesa, kisha ikatulia. Sikuwa nimegusa kitufe.

Fundi wa Ngamiani

Hapo usisafiri kwanza. Taa hiyo ikipepesa yenyewe kwenye Toyota nyingi, si habari ya kitufe tena; ni kompyuta ya giaboksi inayokuarifu kwamba imeona hitilafu na imeihifadhi kwenye kumbukumbu yake, na hata taa ikitulia kumbukumbu hiyo huweza kusomwa. Inaweza kuwa sensa ya mwendo, inaweza kuwa mojawapo ya vali za umeme zilizo ndani, na bila kuisoma ni kubahatisha.

Kabla ya kumpelekea fundi yeyote, pima oili ya giaboksi mwenyewe. Liendeshe gari mpaka lipate joto, lisimamishe mahali tambarare injini ikiwa inawaka, pitisha mkono kwenye gia zote taratibu huku umekanyaga breki, urudi P, kisha uvute kijiti cha kupimia na usome kwenye alama za joto. Ikifutwa kwa kitambaa cheupe, oili iliyo katika hali nzuri huonekana nyekundu. Ukiikuta nyeusi na yenye harufu ya kuungua, basi ile miezi ya Segera na kule kushuka Lushoto havikuwa mzigo wa breki na injini peke yake, na ni bora safari ya Ijumaa muifanye kwa basi.