Klachi ya feni ilipakwa rangi ikauzwa kama mpya, kisha ikapigwa bolti: haya si matengenezo

Ndugu wenye malori, madereva na mafundi,

Ninaandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Lori langu, kichwa cha Ulaya kinachovuta semi-trela kati ya Malaba, mpakani na Kenya, na Katuna, mpakani na Rwanda, limelala Mbarara likiwa na rejeta iliyotobolewa na panga la feni yake lenyewe. Chanzo chake ni gereji moja ya Kampala iliyonitoza fedha za klachi mpya ya feni (kifaa kinachoiunganisha feni na injini pale tu joto linapopanda), ikanifungia kibovu kilichopakwa rangi, na nilipolalamika ikakitoboa na kukipiga bolti ili feni izunguke moja kwa moja na injini. Jina la gereji hiyo sitalitaja hapa, kwa kuwa shauri lenyewe nitalipeleka mahali pake. Ninachokilalamikia ni desturi hii, ambayo karibu kila dereva ninayezungumza naye ameshakutana nayo na wengine wameshaanza kuiona kuwa ya kawaida.

Dalili za mwanzo zilikuwa wazi kabisa. Katika barabara tambarare ya Masaka hadi Lyantonde geji ya joto ilitulia, kwa sababu lori likiwa mwendoni upepo wa barabarani unatosha kuipoza rejeta. Kwenye foleni ya Malaba, ambako injini inaunguruma bila lori kusogea, na kwenye milima baada ya Ntungamo, ambako lori linapanda kwa gia ndogo na mzigo kamili, geji ilipanda. Gari linalochemsha likiwa limesimama au likipanda mlima, na kupoa likishika kasi, linakuambia uangalie feni kwanza. Dereva wangu alizima injini ikiwa ya moto, akatoa ufunguo, akalisukuma panga la feni kwa mkono, nalo likazunguka lenyewe bila kuonyesha ukinzani wowote. Kwa klachi ya mafuta ya silikoni hilo halipaswi kutokea injini ikiwa na joto, kwa sababu joto likipanda mafuta hayo yanatakiwa kuingia katikati ya sahani za klachi na kuzishika ili feni ivutwe. Tulifika gereji tukijua tunachokitaka, na tukakisema: klachi mpya, mkanda mpya, tensheni (kikaza mkanda) mpya, na beringi ya kitovu cha feni ikaguliwe wakati vyote viko chini.

Sasa niwaeleze kilichopatikana Mbarara fundi alipokifungua kifaa hicho mbele yangu. Mwili wa klachi ulikuwa umepuliziwa rangi ya fedha, na rangi hiyo ilikuwa imeingia hadi ndani ya mashimo ya bolti, mahali ambapo kiwanda hakina haja ya kupaka. Namba ya kifaa ilikuwa imesagwa kabla ya kupakwa. Fundi alipokwangua kidogo kwa ncha ya bisibisi, chini ya rangi kulitokea alama za spana za zamani kwenye vichwa vya bolti, na pembezoni mwa sili kulikuwa na mstari mweusi wa vumbi lililoganda na mafuta, ishara kwamba silikoni ilikuwa imevuja muda mrefu kabla ya kifaa hicho kufika kwangu. Klachi iliyopoteza mafuta yake haijazwi kwa kupakwa rangi. Ni chuma kitupu, na nimekilipia zaidi ya shilingi milioni moja.

Nina neno pia kwa wauza spea, hata wale wanaouza vifaa vya kweli. Klachi ya aina hii inatakiwa kuhifadhiwa ikiwa imesimama kama inavyokaa kwenye injini. Ikilazwa kifudifudi kwenye rafu kwa muda mrefu, mafuta ya ndani yanaweza kuhama na kuingia kwenye beringi na sili, na mnunuzi akaondoka na kifaa kipya ambacho kimeanza kuharibika kabla ya kufungwa. Nimepita madukani nikaona klachi zimelazwa juu ya nyingine na mikanda imetupwa juu yake, na nilipomuuliza muuzaji alinitazama kama mtu anayemsumbua. Kuziweka wima hakumgharimu chochote.

Turudi kwenye safari ya kwanza baada ya hayo yaliyoitwa matengenezo. Lori lilichemsha vilevile, na hatari haikuwa mlimani peke yake. Wengi hawalijui hili, na mafundi wanaolijua hawalisemi: lori langu lina ritada ya mafuta kwenye gia boksi, kifaa kinachopunguza mwendo bila kutumia breki za magurudumu, na joto linalotokea ritada inapozuia mwendo huingizwa katika maji yale yale ya injini ili yapozwe kwenye rejeta. Maji yakizidi joto, mfumo unapunguza nguvu ya ritada ili kuilinda injini. Maana yake ni kwamba dereva anayeteremka kuelekea Kabale akiwa na kontena mgongoni, feni ikiwa imekufa, anaweza kunyang'anywa ritada katikati ya mteremko na kubakiwa na breki za magurudumu peke yake. Hivyo ndivyo ilivyomtokea dereva wangu. Aliona taa kwenye dashibodi, akahisi lori linaanza kumkimbia, akashusha gia na kulisimamisha pembeni breki zikitoa harufu ya kuungua. Yeye na tanboi wake wako hai kwa sababu ni mtu mwenye uzoefu na alikuwa anaendesha polepole. Fundi anayesema feni ni jambo dogo la kupoza injini aje ayatamke maneno hayo mbele ya mke wa dereva huyu.

Niliporudi gereji niliambiwa eti milima ya Kabale huchemsha kila gari. Si kweli. Ni kweli kwamba maji huchemka mapema zaidi kadiri unavyopanda juu, na kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi maji yaliyo wazi huchemka karibu nyuzi 94. Mfumo wa kupoza injini hauko wazi. Una mfuniko unaoshikilia mgandamizo, na mgandamizo huo unakisukuma kiwango cha kuchemka juu zaidi ya nyuzi 100, hasa kukiwa na kulanti (dawa ya maji ya rejeta) iliyochanganywa ipasavyo. Malori yenye feni nzima hupanda milima hiyo kila siku yakiwa na mzigo, usiku na mchana. Kuusingizia mlima ni kumfanya mteja hana akili.

Kisha likaja lile la bolti, na hapa ndipo uvumilivu wangu ulipokwisha. Badala ya kukubali kwamba kifaa ni kibovu, waliitoboa klachi, wakapitisha bolti ili sehemu mbili zishikane daima, wakakata waya wa umeme unaoiunganisha klachi na kompyuta ya injini, wakamkabidhi dereva ufunguo na kumwambia sasa feni ina nguvu kuliko zamani. Hakuna aliyenipigia simu kuniuliza. Najua dereva aliyekwama porini wakati mwingine hufunga klachi kwa namna hiyo ili afike mji wa karibu polepole, na simlaumu, kwa sababu anaiokoa injini. Gereji yenye vifaa na paa, iliyopokea fedha za klachi mpya, haina udhuru huo.

Feni ya injini kubwa ya lori ikizunguka kwa kasi kamili inaweza kula makumi ya nguvu za farasi. Klachi iliwekwa ili nguvu hiyo itumike pale tu inapohitajika, maana kwa sehemu kubwa ya safari upepo wa barabarani unatosha. Ukiifunga moja kwa moja, unachoma dizeli kuzungusha upepo usio na kazi kutoka Tororo hadi mpakani, na bei ya dizeli sote tunaijua. Mkanda unavutwa kwa nguvu wakati wote, na kila unapokanyaga au kuachia mafuta ghafla, uzito wote wa feni unaupiga ule mkanda na beringi. Tena feni haikutengenezwa kufuata kila kasi ya injini. Dereva akiteremka kwa gia ndogo na breki ya injini, mizunguko inapanda sana, na klachi nzima ingeiacha feni nyuma kidogo, lakini klachi yenye bolti inaiburuta hadi mwisho. Katika mteremko wa kurudi Ntungamo panga moja lilikatika kwenye shina, likapasua kava la feni na kuingia kwenye rejeta. Maji yote yalimwagika barabarani. Dereva alizima injini mara moja, ndiyo maana leo ninazungumzia rejeta na feni, na si hedi iliyopinda au injini iliyonoki.

Fundi wa Mbarara alitoa pia mkanda, na ulikuwa ule ule wa zamani wenye nyufa kwenye mifereji, ingawa risiti inasema mpya. Tensheni ilikuwa ya zamani. Beringi ya kitovu cha feni ukiishika na kuitikisa unaisikia inacheza. Kwa hiyo hata kama klachi ingekuwa nzima, ingefungwa juu ya kitovu kinachoyumba, na kitovu kinachoyumba huiua klachi mpya kwa mtikisiko. Ndiyo sababu vitu hivi hukaguliwa pamoja: klachi, kitovu, mkanda, tensheni, mapanga yenyewe, na nafasi kati ya ncha za mapanga na kava. Panga likiwa na ufa halibandikwi gundi wala kufungwa waya. Hubadilishwa feni nzima, kwa sababu uzito wa pande zote lazima ulingane. Fundi anayebadilisha kimoja na kuandika vitano kwenye risiti ni mwizi, na sina neno laini la kumwita.

Nilipodai fedha zangu nilionyeshwa maandishi ukutani kwamba kifaa kikishauzwa hakirudishwi. Wanaotegemea maandishi hayo wasome Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 ya Uganda, ambayo inataka bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara iwe ya ubora unaofaa na ifae kazi ambayo mnunuzi ameieleza, na huduma itolewe kwa uangalifu na ujuzi unaostahili. Mimi niliieleza kazi hiyo kwa maneno na kwa maandishi. Klachi ninayo, rangi ikiwa nusu imekwanguliwa, risiti ninayo, na picha za bolti zilipigwa kabla haijatolewa. Ninadai bei ya klachi, mkanda na tensheni, ninadai rejeta, na ninadai gharama ya kulivuta lori hadi Mbarara.

Kwa wenye malori wenzangu, kabla hamjalipa kazi ya feni, mwambieni fundi awape vifaa vyote vya zamani mkononi, muone namba ya kifaa kipya ikiwa haijasagwa, na kompyuta iunganishwe kuonyesha kama injini inaisoma kasi ya feni na kama feni inaitika inapoamriwa. Jaribio hilo halichukui muda, na anayelikataa ana anachokificha. Mafundi waaminifu wako wengi, huyu wa Mbarara ni mmoja wao, na ninyi ndio mnaopaswa kuwakemea wenzenu hawa kabla sisi hatujafanya hivyo.

Ambaye amefungiwa klachi iliyopakwa rangi ya fedha na namba kusagwa, popote kati ya Malaba na Katuna, aandike hapa aina ya lori na alichokiona alipoifungua, bila kutaja jina la gereji, ili tujue ni wangapi tunaoweza kwenda pamoja kudai haki. Na anayejua mahali ninapoweza kupata kitovu cha feni chenye beringi mpya, kwa Mbarara au Masaka, anieleze, kwa sababu mwenye kontena bado anasubiri mzigo wake.