Kebo ya kupimia magari haionekani kwenye Windows iliyo ndani ya VirtualBox, naombeni msaada

fundi_unga
Wakuu habari za jioni. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Arusha, gereji yetu iko Unga Limited. Wateja wetu wengi wana Land Cruiser za kupeleka wageni mbugani. Laptopu ya gereji inatumia Ubuntu 22.04 (Linux, si Windows), na humo ndimo zilimo hesabu na stoo yote ya vipuri. Programu yangu ya kupimia inakubali Windows 7 tu, kwa hiyo nimeiweka Windows hiyo ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya laptopu, kwa programu ya VirtualBox 6.1.

Windows inawaka vizuri. Shida ni kebo ya USB. Nikiichomeka, Ubuntu inaiona, amri ya lsusb inayoorodhesha vifaa vya USB inatoa namba 0403:6001. Nikifungua menyu ya vifaa ndani ya VirtualBox, orodha ni tupu kabisa. Nimejaribu matundu yote matatu. Kuna gari la dizeli lenye turbo linatakiwa kuondoka keshokutwa alfajiri kwenda Serengeti, taa ya injini inawaka, na dereva analalamika kwamba linakosa nguvu kwenye mlima wa Ngorongoro. Naombeni mwongozo.

kijana_wa_sakina
Futa Ubuntu weka Windows, mambo yaishe.

fundi_unga
Mkuu, nimeshasema hesabu za gereji zimo humo. Siwezi.

mzee_wa_tameno
Pole na kazi fundi. Kama lsusb inaiona kebo halafu orodha ya VirtualBox ni tupu, kebo haina tatizo. Ni ruhusa. Mtumiaji wako hayumo kwenye kundi la vboxusers, ambalo ndilo linaloruhusiwa kutumia USB ndani ya VirtualBox. Andika hivi:

sudo usermod -aG vboxusers $USER

Kisha zima laptopu na uiwashe upya. Kufunga dirisha peke yake hakutoshi. Ikiwaka, andika groups uhakikishe jina la vboxusers limo. Wengi wanaruka hapo wanaishia kununua kebo nyingine bure.

dada_moshi
Naongezea, maana niliteseka na jambo hili hili hapa Moshi kwenye mashine ya kudarizi. Nenda kwenye mipangilio ya mashine pepe, sehemu ya USB, uangalie umechagua ipi. Windows 7 haiji na drayva (programu ya kuendeshea kifaa) ya USB 3.0, kwa hiyo ukichagua hiyo haitaona kitu. Hiyo 0403 ni namba ya FTDI, kampuni inayotengeneza chipu za kebo kama hizo, na 6001 ni chipu ya kasi ndogo, megabiti 12 kwa sekunde. USB 1.1 inaitosha kabisa.

Utashauriwa pia kupakua Extension Pack, nyongeza ya VirtualBox. Kwenye 6.1 inahitajika kwa USB 2.0 na 3.0, ila ile ya bure ni kwa matumizi binafsi na masomo, na gereji ni biashara. Tangu toleo la 7.0 la mwaka 2022, USB 2.0 na 3.0 zimo ndani ya VirtualBox yenyewe. Ukipata nafasi, pandisha toleo.

fundi_unga
Mungu awabariki. Orodha imejaa, nimeweka tiki kwenye kebo, Windows imeipokea na programu imefunguka. Ila nikiichomoa na kuirudisha, Ubuntu inaishika tena, naanza upya. Nipo chini ya dashibodi na taa mdomoni, siwezi kila mara kutoka kwenda kubofya.

mzee_wa_tameno
Kifaa kimoja hakishikwi na pande mbili kwa wakati mmoja. Ukikichagua kwa mkono, ni mpaka utakapokichomoa. Weka kichujio: mipangilio, USB, ongeza kebo yako. Acha Vendor ID 0403 na Product ID 6001, sehemu nyingine futa. Mashine pepe ikiwa imewaka, itaidaka yenyewe.

Na jambo moja nakusihi: kupima na kusoma misimbo, sawa. Kuandika programu mpya kwenye kompyuta ya gari usifanye kupitia mashine pepe. Mawasiliano ya kebo yakikatika katikati ya kazi, kompyuta ya gari inaweza kufa, na hilo ni gari la mtu.

dada_moshi
Zima pia Windows Update humo ndani. Mwaka 2014 FTDI walitoa drayva kupitia njia hiyo, chipu za kuiga zikabadilishwa namba kuwa 0000, kebo zikaacha kutambulika. Waliiondoa baadaye, lakini mimi hubaki na drayva iliyokuja na kebo.

fundi_unga
Mrejesho. Kichujio kimefanya kazi, nimechomoa na kuchomeka mara nne, kila mara inaingia Windows yenyewe. Msimbo ni P0299, yaani presha ya turbo iko chini. Nimefuata bomba la hewa kwa vidole mpaka kwenye klampu, mpira umepasuka upande wa chini ambako macho hayafiki, ufa wa urefu wa kidole. Nimeufunga mwingine, nimefuta msimbo, nimelijaribu gari hadi Kisongo na kurudi, taa haijawaka. Dereva amelichukua leo saa kumi na moja alfajiri.

Jumamosi napandisha VirtualBox. Nianze kwa kunakili folda nzima ya mashine pepe kwenye diski ya nje, au kuna njia bora zaidi?

mzee_wa_tameno
Zima Windows kabisa, isiwe imelala, kisha nakili folda nzima. Hesabu za gereji pia zinakili siku hiyo hiyo.