Msaada: jua likiwaka sioni kitu kwenye skrini ya droni

Tiara Juu
Habari za muda huu wakuu.

Nina droni ndogo, mwezi wa nne sasa, naiongoza kwa simu niliyoibana kwenye rimoti. Asubuhi na jioni mambo safi kabisa. Kasheshe ni kuanzia saa nne hadi saa tisa, jua likishapanda. Skrini inageuka kioo cha kujitazamia: najiona kofia, najiona pua, ila kile kamera inachokiona sikioni ng'o.

Jumapili nilikuwa narekodi mto. Onyo la betri lilikuwa linawaka jekundu pembeni ya skrini, mimi sina habari. Nimeshtuka tu droni imeanza kujirudisha yenyewe, na kimo nilichokuwa nimeiwekea kilikuwa chini ya miti iliyokuwa nyuma yangu. Nilisitisha ikiwa imeshagusa majani. Kufika nyumbani, video yenyewe mbingu nyeupe kama karatasi, maana muda wote nilikuwa naongeza mwanga wa kamera nikidhani picha ni nyeusi.

Mwangaza wa simu nimeshaupandisha hadi mwisho. Je, ninunue kile kibanda cha kufunika skrini, nibadili simu, au nitafute rimoti yenye skrini yake? Naomba uzoefu wenu. Matusi niwekeeni kiporo.

Kobe
Nunua kibanda, mambo yaishe. Mbona unatuandikia gazeti?

Fundi Lenzi
Tiara, kabla hujatoa hela, jua kwanza unashindana na nini. Simu yako haijapunguza mwanga. Kinachokushinda ni kile skrini inachokiakisi.

Kioo kitupu hurudisha kama asilimia 4 ya mwanga unaokipiga usoni. Unaiona ndogo, siyo? Sasa piga hesabu. Jua la mchana lisilo na wingu humwaga kama luksi 100,000 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu). Shati jeupe likipigwa na jua hilo linang'aa kwa kama niti 25,000 (niti ni kipimo cha mng'ao wa kitu unachokitazama). Asilimia 4 yake ni niti 1,000. Simu nyingi za kawaida hutoa kama niti 500 ukizipandisha mwisho. Kwa hiyo shati lako, ndani ya kioo, linang'aa mara mbili ya picha unayoihangaikia.

Vaa fulana nyeusi. Kitambaa cheusi kikirudisha asilimia 5 tu ya mwanga, hesabu ileile inashuka hadi niti 60 na ushee. Hujanunua chochote bado.

Kuna na jinsi ya kushika. Wengi wanaishika rimoti imelala kama sinia, skrini inatazama mbingu, halafu wanalalamika kwamba wanaona mawingu. Inyanyue, iegemeze ikutazame wewe kifuani. Na jua lipe kisogo: kivuli chako kinaangukia skrini, na kifua chako, ambacho ndicho kinachoakisiwa, nacho kiko kivulini. Jua likiwa utosini mbinu hiyo haifai kitu, hapo tafuta mti.

Jumapili ulivaa rangi gani?

Tiara Juu
Nyeupe pee 🙈

Kobe
Haya, na kibanda je? Mimi ninacho mwaka wa pili na sijawahi kujali rangi ya shati.

Fundi Lenzi
Kibanda kinazuia mbingu na pembeni, na hapo kazi yake siipingi. Ila mdomo wake unakutazama wewe, kwa hiyo nguo yako inaakisiwa vilevile. Labda una mazoea ya kuvaa nguo za giza bila kujua.

Kobe
...Nina fulana tatu, zote nyeusi. Endelea.

Binti Kamera
Naongezea la joto, maana kibanda kiliwahi kuniangusha hapo. Kinazuia mwanga, na kinazuia upepo pia. Simu iko juani, inapokea video, GPS inafanya kazi, skrini iko juu kabisa. Ikichemka inajipunguzia mwangaza yenyewe bila kukuomba ruhusa, na ukiukokota ule mstari wa mwangaza haupandi. Apple wenyewe wanaandika kwamba iPhone itumike pasipozidi nyuzi 35 za joto la hewa. Mimi huvua kava la simu kabla ya kuruka, na nikiwa nasubiri natia simu kivulini, siiachi juu ya boneti la gari. Usiiweke kwenye jokofu wala barafu kuipoza, unyevu unaingia ndani.

La pili ni mwangaza otomatiki. Utaambiwa uzime. Si kila mara. Simu nyingi za siku hizi zina kiwango cha ziada cha mwanga wa juani ambacho hufunguka tu otomatiki ikiwa imewashwa na kihisio kikaona jua kali. Ukiizima, unabaki na "mwisho" ambao si mwisho. Ila ukiiingiza simu ndani ya kibanda, kihisio kinadhani mko sebuleni na kinashusha mwanga. Kwa hiyo bila kibanda, iache imewashwa. Ndani ya kibanda, izime, pandisha mwenyewe.

Roketi ya Karatasi
Jamani mbona mnajitesa, vaa miwani ya FPV, ile yenye skrini ndani inayokuonyesha kile kamera inachokiona. Giza totoro humo ndani, picha safi kama sinema.

Mzee wa Angani
Roketi, ukivaa hiyo droni huioni kwa macho. Nchi nyingi sheria inataka uione muda wote, na ukivaa miwani uwe na mwenzio pembeni anayeitazama. Kwa anayerekodi mto peke yake haifai. Halafu usije ukaiacha juu ya meza lenzi zikitazama jua. Lenzi zile ni kama kioo cha kukuzia, zinachoma skrini ya ndani dakika chache tu.

Tiara, je, unavaa miwani ya jua? Kama ni ile yenye polaraiza, ndiyo mchawi mwingine. Mwanga unaotoka kwenye skrini nyingi tayari umepangwa upande mmoja, na miwani hiyo hupitisha upande mmoja tu. Zikigongana, skrini inakuwa nyeusi tii. Jaribu sasa hivi: ivae, tazama simu ikiwa imesimama, kisha ilaze. Ikizimika upande mmoja, umempata. Vaa miwani ya giza ya kawaida.

Na lile la miti halikuletwa na skrini. Kimo cha kujirudisha kinawekwa kabla ya kuruka, kizidi kitu kirefu kuliko vyote hapo ulipo. Onyo la betri nalo liweke kwa sauti, sauti ya simu juu. Sikio halipofushwi na jua.

Tiara Juu
Mzee, nimejaribu. Simu ikisimama naona, nikiilaza giza. Na kwenye rimoti huwa imelala! Aisee. Miezi minne!

Ile video iliyoungua je? Nikiwa sioni vizuri nitajuaje mwanga wa kamera uko sawa?

Binti Kamera
Usiliamini jicho lako juani hata siku moja. Washa histogramu, ule mchoro kama kilima unaopima mwanga wa picha, giza kushoto, mwanga kulia. Kilima kikisukumwa chote ukutani upande wa kulia, umeshaunguza. Na kama programu yako ina mistari ya pundamilia, iwashe: inachora milia juu ya kila sehemu iliyozidi mwanga, na milia inayotembea inaonekana hata kwenye skrini iliyofifia. Milia ikitanda mbingu nzima, punguza mpaka ibaki kuzunguka jua tu. Picha itaonekana nyeusi mkononi mwako. Iache hivyohivyo.

Filta za ND, vile vioo vya giza vya kupunguza mwanga unaoingia kwenye lenzi, ni za kamera, skrini hazitaisaidia. Namsemea kabla hajaja wa kuzitaja.

Tiara Juu
Na kubadili simu au rimoti?

Fundi Lenzi
Rimoti yenye skrini yake ina raha yake. DJI RC 2 kwa mfano ni niti 700, RC Pro niti 1,000. Lakini irudie ile hesabu ya shati jeupe: hata niti 1,000 unatoka nayo sare. Anza na vya bure.

Protekta pia iangalie. Kama imebanduka kidogo na kuna hewa katikati, umeongeza nyuso mbili nyingine za kuakisi. Zile zisizong'aa, zenye uso wa kukwaruza kidogo, zinavunja sura yako isionekane, ila jua likizipiga moja kwa moja skrini nzima inapata ukungu mweupe. Mimi sizipendi. Na futa alama za vidole.

Tiara Juu
Mrejesho. Nimeruka leo saa saba mchana, chini ya kivuli cha mti pembeni ya uwanja. Fulana nyeusi, miwani ya kawaida, kibanda nimejitengenezea kwa boksi la viatu nililolipaka rangi nyeusi ndani. Namba za betri nazisoma bila kukunja uso, na milia ya pundamilia naiona. Dakika ya kumi na mbili simu ikapata joto, mwanga ukashuka, nikatua.

Kwa nje nilitaka kulizungushia boksi karatasi ya aluminiamu irudishe joto.

Mzee wa Angani
Usithubutu! Aluminiamu inaziba mawimbi ya rimoti. Na boksi lenyewe lisikae mbele ya antena.

Tiara Juu
Nimeacha. Protekta nayo nimeibandua, ilikuwa na mapovu mawili ya hewa, kila moja kama ukucha wa kidole gumba. Nilidhani ndivyo zilivyo.