Mjadala: Je, nukuu za kuchekesha zina nafasi katika vitabu vya kweli kuhusu uraibu?

Hoja iliyo mbele yetu ni kwamba vitabu vya kweli kuhusu uraibu, yaani kumbukumbu za waliopitia, maelezo ya madaktari na uchunguzi wa waandishi wa habari, visiwe na mizaha wala nukuu za kuchekesha, kwa sababu jambo linaloua watu halifai kuchekewa. Wanaoiunga mkono wanasema kwamba kicheko hupunguza uzito wa janga, huwafanya vijana wauone ulevi kuwa mchezo, na huwaumiza ndugu waliokwisha kuzika wapendwa wao. Wanaoipinga wanajibu kwamba kitabu kisichochekesha hata mara moja hakitasomwa na mtu anayekihitaji kuliko wote. Mimi kwa sehemu kubwa nasimama na wapingaji, lakini si kwa sababu hiyo wanayoitoa, na ipo aina moja ya kichekesho ambayo ningependa iondolewe kabisa katika vitabu hivi.

Nianze na kitabu ambacho anayejadili jambo hili hawezi kukikwepa. Mwaka 1935, mjini Akron katika jimbo la Ohio nchini Marekani, Bill Wilson, aliyekuwa mtu wa masoko ya hisa, na daktari wa upasuaji Bob Smith, wote wawili wakiwa walevi walioshindwa kuacha pombe kila mmoja kwa nguvu zake, walianzisha kundi la walevi wanaosaidiana kuacha pombe, lililokuja kujulikana kwa jina la Alcoholics Anonymous, na mwaka 1939 kundi hilo likatoa kitabu chenye jina hilohilo. Ndani yake mna sura inayozungumzia maisha ya familia baada ya mlevi kuacha pombe, na humo waandishi wanaeleza kwamba watu wa nje wakati mwingine hushtuka wanapowaona wakiangua kicheko kwa sababu ya tukio la zamani ambalo kwa sura yake ni msiba mtupu. Hawaombi radhi. Wanasema kwamba wao si watu wa kununa, na kwamba mgeni akija asione furaha yoyote katika maisha yao, hatayataka maisha hayo.

Sababu hiyo ndiyo inayonishawishi, kuliko maneno matamu kuhusu kicheko kuwa dawa. Uraibu hulindwa na siri, na siri hulindwa na aibu. Mtu aliyewahi kuficha chupa ndani ya tangi la maji la choo, au aliyemwibia mama yake kisha akaungana naye kumtafuta mwizi, huamini kwamba hakuna kiumbe mwingine aliyewahi kushuka kiasi hicho, na imani hiyo humzuia kumweleza yeyote, daktari wake akiwamo. Anapokutana na ukurasa ambapo mtu mwingine anasimulia jambo lilelile, tena kwa namna inayomfanya acheke kabla hajapata nafasi ya kujitetea, jambo alilodhani ni lake peke yake linakuwa jambo linalojulikana, lenye watu waliolipitia na wakabaki hai. Mahubiri hayafiki hapo, kwa kuwa mraibu ameshajihubiria mwenyewe maneno makali kuliko ya mhubiri yeyote. Takwimu nazo hazifiki, ingawa nazithamini sana, kwa sababu anayezisoma akiwa ameshikwa na arosto, yaani mateso ya kukosa dawa, hajioni ndani yake.

Kitabu kingine cha kundi hilohilo, kilichotoka mwaka 1953, kinasimulia habari za tawi moja lililopanga kujenga kituo kikubwa cha kuwasaidia walevi na kukiwekea kanuni 61. Mpango ulipoporomoka, yule aliyeuanzisha alichapisha kadi yenye kanuni ya 62, iliyomtaka kila mtu asijichukulie kwa uzito kupita kiasi. Naupenda mzaha huo kwa sababu mwenyewe anajulikana, kosa lililouzaa limeelezwa, na aliyekosea ndiye anayejicheka.

Ninachokipinga ni nukuu ya kuchekesha iliyonyofolewa mahali pake na kubandikwa juu ya sura kama pambo. Mfano unaorudiwa kuliko yote ni ule usemi kwamba kuacha kuvuta sigara ni jambo rahisi mno, kwa kuwa msemaji ameshaacha mara elfu. Usemi huo hutajwa kuwa wa Mark Twain, mwandishi mchekeshaji wa Marekani, lakini haujapatikana katika maandishi yake. Alichokisema hasa kimehifadhiwa. Desemba 1905, katika karamu ya kuadhimisha miaka 70 ya kuzaliwa kwake iliyofanyika New York, Twain, ambaye alivuta zile sigara nene za jani la tumbaku kwa sehemu kubwa ya maisha yake, alisema kwamba amejiwekea kanuni ya kutovuta zaidi ya sigara moja kwa wakati mmoja, ya kutovuta akiwa usingizini, na ya kutojizuia kamwe akiwa macho. Kinachosahaulika ni kwamba katika hotuba hiyohiyo alisema kuwa ameufikia umri huo kwa kushika mwenendo ambao ungemuua mtu mwingine yeyote, na akaongeza kwamba hatuwezi kuufikia uzee kwa kupita njia ya mtu mwingine.

Linganisheni matini hizo mbili. Ule usemi wa mara elfu, ukisimama peke yake juu ya sura inayohusu nikotini, unazifanya jitihada za kuacha na kurudia zionekane kama mazoea yasiyo na hasara, ilhali kila anayerudia hurudi na deni jipya kwa mwili wake na kwa watu waliomwamini. Hotuba ya kweli inachekesha zaidi, lakini pia ina onyo lake ndani, na onyo hilo linatoka kinywani mwa mchekeshaji mwenyewe. Sisemi kwamba usemi wa mara elfu ni uongo kwa kila anayeutamka. Mtu aliyeacha akarudia, akaacha tena akarudia tena, akiusema mbele ya wenzake, anasema ukweli mchungu na kila aliyepo anaujua uchungu huo. Mwandishi anayeuokota ili kupamba ukurasa hana cha kuweka nyuma yake.

Wengine wataniambia kwamba nafanya jambo dogo kuwa kubwa, kwani nani ameumia kwa sababu nukuu imepewa mwenyewe asiye wake? Nawaomba wakumbuke yaliyompata James Frey. Mwaka 2003 alichapisha A Million Little Pieces kama kumbukumbu ya kweli ya uraibu wake na tiba yake. Mwaka 2005 Oprah Winfrey alikipendekeza kitabu hicho kwa watazamaji wake na kikasomwa na mamilioni. Na Januari 2006 tovuti ya The Smoking Gun ikaonyesha kwamba mambo kadhaa yalitiwa chumvi au kubuniwa, ikiwamo miezi karibu mitatu ya jela ambayo kwa kweli ilikuwa saa chache tu. Mchapishaji alikubali kuwarudishia fedha wasomaji waliodai. Fedha zinarudishika. Lakini fikirini juu ya mzazi aliyekisoma ili ajue mwanawe atapitia nini katika kituo cha tiba, au mraibu aliyekitumia kupima kama hali yake ni mbaya kiasi cha kuhitaji msaada. Watu hao hawasomi ili kupitisha muda. Wanasoma ili waamue la kufanya kesho asubuhi. Nukuu ya uongo ni kosa dogo mno kuliko la Frey, nakubali, lakini inatoka katika uzembe uleule wa kuthamini athari ya sentensi kuliko ukweli wake, na mwandishi asiyethibitisha usemi wa mstari mmoja ananifanya nijiulize kama alithibitisha vipimo vya dawa.

Kuna tofauti pia kati ya mwandishi aliyepitia uraibu na mwandishi anayeutazama kutoka nje, na hapa ndipo wale wanaotaka mizaha yote iondolewe wananikaribia sana. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mraibu wa heroini anayesinzia akiwa amesimama, amepinda kiasi cha kugusa ardhi na bado haanguki, amegeuzwa kuwa kichekesho kwa muda mrefu, na baadhi ya waandishi wa nje humwingiza vitabuni ili kuchangamsha sura yenye mambo ya kitabibu. Msomaji anacheka, lakini hajajifunza kwamba kusinzia huko hutokana na dawa kuudhoofisha utendaji wa ubongo, ambao ndio unaosimamia pumzi pia, na kwamba kipimo kikizidi kidogo tu, huenda mtu huyo asiamke. Mzaha huo umechukua nafasi ya maelezo ambayo yangeweza kuokoa uhai.

Mwandishi wa nje akitaka kicheko, kipo mahali pengine. Dawa ya maumivu ya OxyContin, iliyo ya jamii moja na heroini na iliyowatia wengi uraibu, iliingia sokoni nchini Marekani mwaka 1996, na ripoti ya mwaka 2003 ya ofisi ya ukaguzi iliyo chini ya Bunge la nchi hiyo ilitaja vitu vilivyogawiwa madaktari kwa ajili ya kuitangaza, vikiwamo kofia za kuvulia samaki, vikaragosi vya manyoya na diski za muziki. Kampuni ya Purdue Pharma, iliyoitengeneza, ilikiri makosa ya jinai mahakamani mwaka 2020. Mwandishi akiziweka zile kofia na vile vikaragosi kando ya orodha ya waliokufa, msomaji atatoa kicheko kikali cha hasira, na kitawaelekea waliouza, si walionunua.

Hoja ya ndugu waliozika ndiyo nzito kuliko zote, na sidhani kwamba upande wangu umeijibu vya kutosha. Kumwambia mama aliyempoteza mwanawe kwamba kichekesho kilichomuumiza kimemsaidia mgeni fulani mahali fulani ni jibu sahihi na tena ni jibu katili. Ninachoweza kudai kwa ajili yake ni hiki: mwandishi anayechekesha asikatishe hadithi pale kicheko kinapoishia. Akisimulia jinsi alivyoanguka mbele ya wageni, asimulie pia nani alimwinua, nani aliacha kumwalika, na nani hakuwapo tena alipopata nafuu.

Bado lipo swali ambalo nawaachia wenzangu wa pande zote mbili. Carrie Fisher, mwigizaji wa filamu wa Marekani, alitoa Wishful Drinking mwaka 2008, kitabu kilichotokana na onyesho lake la jukwaani, kinachochekesha karibu kila ukurasa kuhusu dawa, pombe na ugonjwa wake wa akili. Alifariki Desemba 2016, na mwaka uliofuata mchunguzi wa vifo alitaja kukatika kwa pumzi usingizini pamoja na mambo mengine, yakiwamo matumizi ya dawa, bila kuweza kusema dawa hizo zilichangia kiasi gani. Wanaotaka mizaha yote iondolewe huona hapo ushahidi wa hoja yao. Mimi sioni hivyo, kwa sababu kitabu hicho ni ushuhuda wa mtu aliyekuwa hai alipokiandika, na ushuhuda haubatiliki kwa sababu shahidi amekufa. Lakini msomaji wa leo anakishika bila kujua mwisho huo, isipokuwa ameusikia kwingine. Je, mchapishaji wa kumbukumbu ya kuchekesha anapaswa kuongeza maelezo katika toleo jipya iwapo mwandishi amerudia au amefariki, na kama ndiyo, nani ana haki ya kuyaandika: mchapishaji, familia, au mtu aliyepita njia hiyo hiyo?