Wakuu, lenzi gani ya bei nafuu kwa picha za watu wanaoteleza kwenye theluji?

MkonoBaridi (mleta uzi)
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kabla sijatupa hela.

Wenzangu wanateleza kwenye theluji, wengine kwa ski, wengine kwa ubao ule mmoja wa kusimama ubavu. Mimi kuteleza sijui, kila baada ya hatua tatu niko chini, kwa hiyo nimekabidhiwa kazi ya kupiga picha. Kamera ni DSLR ya Canon (ile ya kubadilisha lenzi) yenye sensa ya APS-C, yaani ile ndogo kuliko fremu ya filamu ya 35mm, nimeinunua mtumba pamoja na lenzi yake ya 18-55mm (namba ya mm ikipanda, lenzi inavuta mbali zaidi). Matokeo ndiyo haya: mtu anaonekana kama sisimizi juu ya shuka, na shuka lenyewe limetoka la kijivu. Nikimvuta kwenye kompyuta anageuka vitone vitupu.

Kila ninapouliza naambiwa "70-200 f/2.8", yaani lenzi ya kuvuta mbali yenye tundu kubwa la kupitisha mwanga (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Nimeona bei yake, nikafunga ukurasa taratibu. Kwa sasa uwezo wangu ni lenzi moja tu, na mtumba sikatai. Natanguliza shukrani.

Ngoja_Nione
Nimekaa siti ya mbele, waje wataalamu.

Kipanga77
Mkuu, hiyo f/2.8 inatajwa sana na watu wanaopiga mpira usiku au michezo ya ndani ya ukumbi. Theluji ya mchana ni habari nyingine, pale mwanga unamwagika.

Ipo kanuni ya zamani ya jua kali: weka tundu la lenzi f/16, kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga, kwa sehemu ya sekunde) iwe sawa na ISO, yaani namba ya wepesi wa kamera kunasa mwanga. Kwa hiyo ISO 200 inakupa 1/200. Sasa fungua tundu hatua tatu (kila hatua ni mwanga mara mbili) mpaka f/5.6, umefika 1/1600, na bado hujahesabu mwanga unaorudishwa na theluji yenyewe. Je, 1/1600 inatosha? Mtu anayeshuka kwa kilomita 50 kwa saa anakula karibu mita 14 kila sekunde. Kwa 1/250 anasogea zaidi ya sentimita 5 shata ikiwa wazi, ndiyo ule ukungu unaouona. Kwa 1/1600 hata sentimita moja haifiki.

Tafuta EF-S 55-250mm f/4-5.6 IS STM (IS ni kizuia mtikisiko, STM ni aina ya mota ya fokasi). Kwa sensa yako, 250mm inaona kama 400mm. Ina gramu 375 hivi, unaitia mfuko wa koti na maisha yanaendelea. Lakini soma herufi zilizoandikwa kwenye lenzi yenyewe: yapo matoleo ya zamani yasiyo na STM, na fokasi yake inakokota. Na ukiletewa 75-300 III usilewe na hiyo namba 300. Haina kizuia mtikisiko, na ukifika mwisho wa zumu picha inalegea.

Tena kizuia mtikisiko kinatuliza mikono yako tu. Aliye mbele yako hakimsimamishi.

Bibi_Shata
Kipanga umesema kweli, ila umemjibu mtu mwenye jua. Mawingu yakishuka, au wakihamia msituni kati ya miti, au wakiruka jioni chini ya taa, hiyo f/5.6 itamlazimisha kupandisha ISO mpaka picha ijae chenga.

Mimi ningemwambia EF 85mm f/1.8. Ni lenzi ya tangu 1992, kwa hiyo mitumba yake imejaa, na fokasi yake ni ya haraka. Kutoka f/5.6 hadi f/1.8 ni zaidi ya hatua tatu: palipokupa 1/200 sasa unapata 1/1600 na chenji inabaki. Tatizo lake haina zumu. Zumu ni miguu yako, na kupanda mita kumi kwenye theluji inayofika magotini si sawa na kutembea barabarani, usije ukasema sikukuambia.

Kipanga77
@Bibi_Shata shikamoo. Hapo kwenye taa nakubali. Ila huyu ndiyo anaanza, na kwa f/1.8 kipande kilicho kali ni chembamba mno. Atapata ncha ya ski kali na uso wa ukungu.

Bibi_Shata
Marahaba. Basi apige f/2.8. Hakuna aliyemlazimisha kufungua yote.

TutaLaKurukia
Wote mnamuuzia lenzi wakati anayo mkononi. Picha nyingi za ubao unazozipenda, mpigaji yuko karibu sana, amelala chini kando ya tuta la kurukia, lenzi pana, mbingu nyuma. Kazi hiyo 18mm yako inaiweza. Weka fokasi kwenye mdomo wa tuta, pale atakapopaa, kisha zima fokasi ya kamera ibaki ya mkono. Ukiiachia kamera itafute yenyewe kwenye weupe mtupu, itahangaika mbele na nyuma, na theluji ikianguka itashika vipande vya theluji badala ya mtu. Anayeruka ajue ulipo, na usikae anapotua. Aliye juu hakuoni.

Shuka la kijivu si kosa la lenzi. Kipima mwanga cha kamera kinataka kila kitu kiwe kijivu cha wastani, kikiona theluji kinaipunguza. Tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, peleka +1, jua likiwa kali jaribu hadi +1⅔, ukiangalia weupe usiungue.

Kabla ya kununua, fungua picha zako 30 unazozipenda, usome kwenye taarifa za faili ulipiga kwa mm ngapi. Utajijibu mwenyewe.

MkonoBaridi
Wakuu, nimefanya hesabu ya @TutaLaKurukia. Kati ya 30, 22 ni za 55mm na nimezikata karibu zote, yaani nilikuwa nalilia umbali. Tano ni za 18mm na, kusema kweli, ndizo wenzangu walizoziweka kwenye simu zao. Jioni sijawahi kupiga hata moja, taa zikiwaka mimi nimeshajikunyata ndani. Bibi Shata nisamehe, naona naenda na 55-250 STM, na ile 18-55 inabaki kazini.

Bibi_Shata
Umesamehewa. Sasa sikiliza la baridi, maana hilo lilinigharimu siku nzima. Niliingia ndani kwenye joto na kamera shingoni, nikaagiza kinywaji. Kuja kuitazama, lenzi imetoa jasho nje na ndani, ikakataa kukauka mpaka jioni. Siku hizi naifunga kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa nikiwa bado nje, kisha naiacha humo ipate joto polepole. Betri ya akiba nailaza ndani ya koti karibu na mwili. Na kioo usikipulize kwa mdomo, pumzi inaganda palepale. Tumia brashi.

Kubadilisha lenzi, geuzia upepo mgongo na mdomo wa kamera utazame chini. Au badilisha kabla hujapanda.

MkonoBaridi
Asante sana. La mwisho: nimempata mtu anauza hiyo lenzi mtumba. Nikikutana naye niangalie nini?

Kipanga77
Nenda na kamera yako na tochi. Mulika tochi kutoka nyuma ya lenzi, wewe chungulia mbele: vumbi kidogo si neno, lakini ukiona nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, muage. Zungusha pete ya zumu mwanzo hadi mwisho, isikwaruze kama ina mchanga. Kisha ifunge kwenye kamera, piga ukuta wenye maandishi kwa 250mm na tundu lote likiwa wazi, ulinganishe kona zote nne. Kona moja ikiwa na ukungu peke yake, huenda hiyo lenzi imeshaanguka.

MkonoBaridi
Tochi ipo. Kesho narudi na majibu.