Mvuke wa tina: polima au mkaa wa maganda ya korosho?

Mwalimu wa Kemia, Mtwara
Ndugu zangu, tunatafuta namna ya kunasa mvuke wa tolueni, kiyeyusho kilichomo kwenye tina, unaotoka katika chumba cha kupulizia samani rangi. Mkaa amilifu, yaani mkaa uliotengenezwa uwe na vitundu vingi vidogo mno, unaweza kuwa na eneo la ndani linalozidi mita za mraba 1,000 kwa gramu, na maganda ya korosho hapa kwetu ni tele. Polima ya kawaida ya stairini na divainilibenzini, yaani chembe za plastiki zenye vitundu, ina kama 300. Je, tarakimu hizo zinatosha kuamua?

Mtafiti, Lindi
Hazitoshi, Mwalimu. Eneo hilo hupimwa kwa nitrojeni katika baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, pasipo unyevu wowote, ilhali katika hewa ya pwani yetu maji huingia kwenye vitundu vya mkaa na kuinyima tolueni nafasi. Polima hiyo huyakataa maji: chembe zake kavu ukizimwaga kwenye maji huelea. Kwa hiyo jaribuni vyote viwili kwa hewa yenye unyevu wa asilimia 80. Ipitisheni, ikiwa na kiasi cha tolueni kinachojulikana, kwenye bomba lenye chembe zilizopimwa uzito, mkiangalia ni baada ya muda gani tolueni inayotoka imefikia asilimia 5 ya inayoingia. Kipimo cha hewa kavu hakimsaidii fundi wa Mikindani.

Mwanafunzi wa Polima
Naongezea jambo moja linaloharibu majaribio mengi. Chembe za polima hutengenezwa kwa kukoroga matone ya stairini na divainilibenzini ndani ya maji ya moto, na mara nyingi ni tolueni iliyochanganywa humo inayoacha vitundu. Zisipooshwa vizuri kwa ethanoli na kukaushwa, zitatoa tolueni yake zenyewe, nanyi mtadhani zimeshajaa. Anzeni kwa kupitisha hewa isiyo na tolueni.

Fundi Samani, Mtwara
Maganda nayo yana mafuta yanayounguza ngozi, na moshi wake ni mkali mno. Asiyachome mtu uani kwake.

Mtafiti, Lindi
Ni kweli kabisa, Fundi. Hata hivyo nisingeutupa mkaa, kwani polima ni ghali. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 ikipashwa hadi nyuzi 40, unyevu hushuka hadi karibu asilimia 46. Joto hupunguza kidogo uwezo wa kunasa, lakini mkaa hunusurika na maji. Mwalimu, pimeni mkaa kwa hali hiyo pia, kando ya polima, kabla ya kununua chochote.